Msisimko Sio Mshahara

Kuna video inazunguka kwenye simu za vijana hapa Dunga. Kama hujaiona hiyo, umeona ndugu yake. Mkono wenye tope, kucha nyeusi, unafunguka polepole mbele ya kamera. Katikati ya kiganja kumelala kipande cha dhahabu kikubwa kama kokwa la zambarau. Mtu anapiga nduru. Mwingine anasema, "Umaskini kwisha!" Muziki unaingia, video inakatika, inaanza tena.

Nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyotaka kukubali. Na kila mara natafuta kitu kimoja ambacho hakimo: mizani. Hakuna anayepima. Hakuna anayetaja gramu, wala bei, wala watu wangapi wamesimama pembeni wakisubiri mgao. Video hukatika kabla ya hapo, kama zile sinema za mapenzi zinazoishia harusini.

Mimi naanzia pale video inapokatika. Nasema hivi, na najua marafiki zangu wenyewe watanitukana: msisimko wa kuokota dhahabu umegeuzwa kuwa mshahara. Kwa vijana wengi walioko machimboni, kuanzia Nyatike hadi Bondo hadi Ikolomani, ndio malipo pekee yanayofika kwa wakati. Na mwajiri anaupenda mshahara huu, kwa sababu haumgharimu hata bob.

*

Kwanza nikiri, nisije nikaonekana mzee wa kanisa anayekemea disko. Msisimko upo. Mimi niliupata.

Ilikuwa 2019. Gugumaji lilikuwa limefunga ufuo wetu, boti zimekaa, na hata zilipotoka zilirudi na samaki wa kuhesabu kwa vidole. Wasee wawili wa mtaani waliniambia twende Nyatike, Kaunti ya Migori, tukasafishe mchanga wa mto. Kule wachimbaji wengi huteremka mashimo marefu wakifuata dhahabu ndani ya mwamba. Sisi hatukuwa na mtaji wa shimo, na ukweli usemwe, hatukuwa na moyo wa kuingia ardhini. Tulibaki Mto Migori, na karai.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, ilhali mchanga wa kawaida ni mara mbili unusu hivi. Mvua imekuwa ikimenya milima yenye dhahabu tangu kabla ya binadamu, na mito imekuwa ikibeba kilichomenywa. Pale maji yanapopunguza mbio, nyuma ya jiwe kubwa, kwenye tumbo la kona, ndani ya nyufa za mwamba chini ya kokoto, mto unashindwa kubeba kilicho kizito. Unakiacha. Kwa hivyo unachimba hadi kokoto za chini kabisa, unajaza karai, unazamisha majini, unatikisa ili kizito kishuke. Mawe unatupa kwa mkono. Halafu unazungusha, unainamisha kidogo, maji yanaondoka na mchanga mwepesi. Mwishoni unabaki na utepe mwembamba wa mchanga mweusi, ule wa chuma. Hapo ndipo macho yanaanza kuuma.

Karai moja ni kama dakika kumi. Siku nzuri nilifanya arobaini. Jioni kiuno kilikuwa hakinyooki, na miguu imevimba kwa maji kama mkate uliolowa chai. Karai nyingi hazikuwa na kitu. Chache zilikuwa na vumbi la njano ambalo ungepiga chafya lingepotea.

Siku ya kumi na saba, jua likiwa karibu kuzama, niliinamisha karai na mchanga ukakimbia kama kawaida. Kitu kimoja hakikukimbia. Kilikuwa nusu ya punje ya mahindi, na hakikumeta kama kwenye sinema. Kinachometa huwa ni mika: geuza karai kidogo inapotea. Hiki kilikuwa manjano tulivu, kama siagi, rangi ileile juani na kivulini. Niliyasukuma maji tena juu yake, kikakaa palepale.

Sijui nikueleze vipi. Masikio yaliziba. Magoti yalinilegea nikakaa ndani ya mto na nguo zangu. Nilicheka, halafu nikanyamaza ghafla kwa kuogopa watu wa ng'ambo ya pili wasinisikie. Nimefaulu mitihani, nimependwa, nimeona mtoto wa dada yangu akizaliwa. Hakuna kilichonigusa pale kiliponigusa kile kipande. Nilihisi kwamba mto mzima, na miaka yake yote, umenichagua mimi.

Weka hilo neno mfukoni: umenichagua. Nitalirudia.

*

Sasa hesabu.

Mnunuzi alikuwa na chumba cha mabati kando ya barabara na mizani ndogo ya betri, saizi ya simu. Mizani ni yake. Alisema gramu 1.4. Sikuwa na mizani nyingine ya kulinganisha. Alisema bei ni 3,500 kwa gramu. Sikuwa na bei nyingine ya kulinganisha. Jumla 4,900.

Kwa makubaliano tuliyoyakuta pale, mwenye shamba la kando ya mto na mwenye pampu ya maji walichukua nusu. Tukabaki na 2,450, watu watatu. Kila mmoja 816, na shilingi mbili zikabaki mezani. Kibanda cha chakula kilikuwa kinanidai 1,300.

Nilirudi Dunga kwa nauli ya kukopa.

Lakini niulize nilisimulia nini niliporudi. Nilisimulia karai. Nilisimulia jua likizama na kile kitu kilichokataa kukimbia. Nilionyesha ukubwa wake kwa ncha ya kidole, na kila nilipoonyesha kidole kilisogea. Wiki ya kwanza ilikuwa nusu ya punje ya mahindi. Mwezi wa pili ilikuwa punje nzima. Kufika Krismasi ilikuwa njugu karanga. Kuhusu pesa sikudanganya hata siku moja, kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Mtoto wa mamangu mdogo alikuwa akisikiliza. Wakati huo alikuwa kwenye boti, akivua usiku, akilala mchana kwenye kivuli cha mti pale ufuoni. Mwezi haukuisha, akaenda. Yeye hakubaki mtoni. Aliingia shimoni kwa kamba na tochi ya kichwani, kwa sababu aliambiwa vipande vikubwa viko chini. Desemba 2021, mgodi wa Abimbo kule Bondo, Siaya, ulipoporomoka na kufukia watu, mamangu mdogo alimpigia simu kutwa nzima. Hakuwa Abimbo. Tulishukuru Mungu, tukasahau.

Mwaka uliofuata jiwe lilimteremkia shimoni mwao. Mguu wa kulia haukunji tena hadi mwisho. Hakuwa na mkataba, wala payslipu, wala jina lake kwenye daftari la mtu yeyote. Mwenye shimo alilipa pikipiki hadi hospitali na akasema pole. Kisheria, ndugu yangu hakuwahi kufanya kazi pale. Alikuwa tu mtu aliyekuwa akitafuta bahati yake karibu na shimo la mwenzake.

Na nani alimwandikisha kazi hiyo? Mimi. Bila komisheni.

*

Msije mkadhani kuajiri watu kwa hadithi ni uvumbuzi wa TikTok. Mwaka 1848 kule California, dhahabu ilipoonekana mtoni, mfanyabiashara mmoja aitwaye Samuel Brannan alitembea katika mitaa ya San Francisco akiwa na chupa ya vumbi la dhahabu, akipaza sauti kwamba imepatikana. Hakuwa na haja ya kuichimba. Alikuwa na duka karibu na machimbo, limejaa makoleo na karai. Watu walipokimbilia mtoni, walipitia kwake. Akawa tajiri kabla ya wengi wao kulowesha miguu. Kile kilichokuwa kwenye chupa yake ndicho kilicho kwenye simu yako leo, tofauti ni kwamba chupa ilionwa na mtaa mmoja.

Njoo karibu nyumbani. Mwaka 1931 mlowezi Mmarekani, L. A. Johnson, aliyekuwa akilima upande wa Eldoret, alipata dhahabu Kakamega. Bei ya mazao ilikuwa imeanguka duniani kote, walowezi wana madeni, na ghafla kuna mto wenye dhahabu umbali wa safari ya siku. Wakamiminika na mahema na karai zao. Ukisoma jinsi enzi ile inavyosimuliwa, utakutana na furaha tupu: kambi, kadi, vipande vya dhahabu vikipitishwa mkono kwa mkono.

Wakati huohuo, Nairobi, kulikuwa na karatasi. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha sheria ya ardhi ya wenyeji, ikiahidi kwamba ardhi ya rizavu ni ya Waafrika milele. Kama kipande kingehitajika kwa jambo lolote, baraza la wenyeji lingeulizwa kwanza, na ardhi nyingine ya ukubwa uleule ingetolewa kufidia. Desemba 1932 sheria ikarekebishwa: kwa ajili ya madini, hakuna kuuliza baraza, hakuna ardhi ya kufidia, pesa inatosha. Milele ilidumu miaka miwili.

Kampuni kubwa zikaingia. Mgodi wa Rosterman ulichimba hadi ulipofungwa 1952. Wenyeji walifanya kibarua kwenye ardhi ya babu zao, na mpaka leo wajukuu wao wanachimba kando ya mashimo yale. Kwangu mimi somo ni rahisi. Kelele zilipokuwa mtoni, uamuzi ulikuwa ofisini. Aliyeshika karai alipata cha kusimulia. Aliyeshika kalamu alipata ardhi.

Utasema, sawa, huo ni ukoloni. Lakini yule anayeokota kipande kikubwa kabisa, yeye si ametoka? Tumtazame basi. Kuna jimbo huko Australia linaitwa Victoria, jina la malkia yuleyule ambaye ziwa letu lilibatizwa kwake. Mwaka 1869, watu wawili kutoka Uingereza, John Deason na Richard Oates, walikuta chini ya mizizi ya mti, sentimita tatu tu kutoka juu, kipande cha dhahabu chenye uzito wa zaidi ya kilo 100 kikiwa bado na mawe yake. Ni kipande kikubwa kuliko vyote vya aina hiyo vilivyowahi kurekodiwa. Hakukuwa na mizani ya kukipima, ikabidi wakivunje juu ya fuawe.

Huyo Deason alifanya nini baadaye? Aliendelea na dhahabu. Sehemu kubwa ya mali yake aliizamisha kwenye machimbo yasiyolipa, na alikufa 1915 akiwa na shamba dogo karibu na palepale alipookotea. Mtu aliyepata kipande kikubwa kuliko wote duniani alirudisha pesa ardhini akitafuta kingine. Mimi namwelewa kabisa. Kitu kikikuchagua mara moja, unaweza kutumia maisha yako yote ukisubiri kichague tena.

*

Hapo ndipo shida ilipo: katika lile neno nililowaambia mweke mfukoni. Ukiamini umechaguliwa, huulizi maswali. Huulizi kwa nini mizani ni ya mnunuzi. Huulizi nani aliamua kwamba mwenye pampu na mwenye shamba wachukue nusu. Huulizi kwa nini mwenye kinu cha kusaga mawe anakusagia kwa bei nafuu halafu anabaki na mchanga wako uliokwisha kuoshwa, wakati kila mtu machimboni anajua kwamba mchanga ule bado una dhahabu, na kwamba wenye mitambo ya kemikali watakuja kuununua kwake. Ukilalamika unaambiwa subiri siku yako. Siku yako! Kibarua wa mjengo asipolipwa Jumamosi anagoma. Mchimbaji asipolipwa anaomba.

Msisimko pia hufunika moshi. Dhahabu laini hukamatwa kwa zebaki, halafu zebaki huchomwa kwenye sufuria, nje, mara nyingi na akina mama walio na watoto mgongoni. Mvuke wake unaingia kwenye mapafu na kwenye neva. Kinachobaki kwenye mchanga kinaoshwa na mvua hadi mtoni, na Mto Migori unaishia katika ziwa hili. Mkataba wa dunia kuhusu zebaki unaitwa Minamata, kwa sababu ni katika mji huo wa Japani ambapo watu waliokula samaki wenye zebaki waliharibika mikono, macho na watoto tumboni. Kenya ilitia saini 2013. Sisi wa Dunga tunakula samaki kila siku ya Mungu, lakini sijawahi kuona video yenye muziki kuhusu hilo.

*

Nimezaliwa mahali ambapo watu wanaishi kwa bahati, kwa hivyo msinifundishe bahati. Mvuvi hajui usiku utampa nini. Kuna usiku mbuta mmoja mkubwa anaingia wavuni na boti nzima inaimba. Siku hizi hata ndani ya mbuta kuna dhahabu yake: bondo, lile puto la hewa tumboni, linalosafirishwa hadi China na ambalo, kilo kwa kilo, lina bei kuliko nyama yake mara nyingi. Vijana wanalijua hilo, na wana hadithi zao zinazokua ncha ya kidole kwa ncha ya kidole, kama yangu.

Lakini njoo Dunga asubuhi, boti zikifika. Pale kwenye banda kuna mizani. Imening'inia kwa ndoano mahali ambapo kila mtu anaiona. Samaki anawekwa, mshale unacheza, unatulia, na mtu anasema uzito kwa sauti. Mvuvi anasikia. Mnunuzi anasikia. Mama wa kukaanga anasikia. Anayeandika anaandika. Bei ya siku inajulikana kabla chai haijaiva, na ukijaribu kumpunja mtu nusu kilo kuna watu kumi wa kukuambia, "Omera, rudisha huyo samaki kwa mizani."

Sisemi ufuo wetu ni pepo. Mwenye boti na injini anachukua fungu nono. Jaboya, ile tabia ya mvuvi kumtaka mwanamke mwili wake ndipo amuuzie samaki, imetuzika watu, na haijaisha. Ninachosema ni kwamba mizani ile iliwekwa na watu, kupitia usimamizi wa ufuo ambao tunauchagua na kuugombania na kuulalamikia. Bahati bado ipo pale pale, kubwa kama ziwa. Ila ikishafika nchi kavu inapimwa hadharani. Mbona samaki wa shilingi mia nne apimwe mbele ya umati, na dhahabu ya maelfu ipimwe chumbani, mlango umefungwa, na mtu mmoja?

*

Najua majibu yenu. Nimeyajibu mwenyewe usiku.

Mtasema: kwani unataka vijana wafanye nini, kazi ziko wapi? Sijamwambia mtu aache. Kama ningekuwa na kazi 2019 nisingeenda, na sitamdharau aliye mtoni leo. Hasira yangu haimhusu mchimbaji. Inamhusu anayemlipa kwa ndoto, na inatuhusu sisi tunaomsaidia kuisambaza.

Mtasema: mbona yule Mtanzania alitoka? Ndiyo, Saniniu Laizer. Juni 2020, kule Mirerani, alipata mawe mawili ya tanzanite, moja la zaidi ya kilo 9 na lingine la zaidi ya kilo 5, akayauza kwa serikali kwa zaidi ya shilingi za Tanzania bilioni 7.7. Rais Magufuli alimpigia simu mbele ya kamera. Tanzanite sio dhahabu na haiokotwi mtoni, lakini video yake ilifika Dunga kama nyingine zote. Angalieni tena picha zile, lakini safari hii angalieni nyuma yake. Kuna meza. Kuna maafisa. Kuna kilo zilizotajwa hadi nukta, na bei iliyotangazwa nchi nzima ikasikia. Mwaka mmoja kabla, Machi 2019, Tanzania ilikuwa imefungua soko la kwanza la madini Geita, ambapo mchimbaji mdogo anaweza kufika na mzigo wake na kukuta wanunuzi zaidi ya mmoja. Sisemi kila mchimbaji Tanzania anakula vizuri. Nasema sisi tulitazama jiwe, tukashangilia jiwe, na hatukuona mizani.

Mtasema: lakini ukiokota ni yako. Hapana, hata hilo si kweli. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inaweka madini yote kwenye fungu la ardhi ya umma. Ni yetu sote, na serikali inayashikilia kwa niaba yetu. Sheria ya Madini ya 2016 inamruhusu Mkenya mchimbaji mdogo kupata kibali na kujiunga kwenye ushirika. Inasema pia mrabaha ugawanywe: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya pale panapochimbwa. Kwa hivyo mto haukunichagua. Kama kuna kitu kilichonitambua, ni hiyo sheria kavu isiyo na muziki, ambayo mimi, msomi wa mtaa, mtu wa kuandika, nilikuwa sijaisoma nilipopanda matatu kwenda Nyatike. Nilijua jina la kila kipande maarufu duniani. Sikujua nina haki ya kibali.

Haki iliyo kwenye karatasi haimlishi mtu, najua. Karatasi imekaa miaka na mwenye shimo bado ndiye serikali kwa walio shimoni. Lakini haki huanza kudaiwa na watu wanaoijua, na watu hawawezi kuijua ikiwa nafasi yote kwenye simu zao imejaa viganja vyenye tope.

*

Kwa hivyo ombi langu ni dogo, na ni kwenu nyinyi mnaosoma hapa, wenye simu nzuri na vidole vyepesi. Wachimbaji hawahitaji mahubiri yenu. Mnachoweza kufanya ni kukataa kuwa waajiri wa bure. Ukiletewa video ya kipande, uliza gramu. Uliza bei. Uliza waligawana wangapi, na nani alishika mizani. Ukiwa mwandishi, na hapa tumejaa, usiandike mtu ameokota bila kuandika amelipwa ngapi. Ukiwa na mtu wako machimboni, mwambie mizani ya mfukoni ni ya bei nafuu kuliko simu, na kikundi kikiwa na yake, mnunuzi anapunguza mdomo. Na wanaogombea viti huko Migori, Siaya na Kakamega wakija na fulana zao, waulizwe jambo moja: soko la wazi la dhahabu, lenye mizani iliyokaguliwa na bei ubaoni, litafunguliwa tarehe ngapi?

Mimi nimeanza na hadithi yangu. Siku hizi nikiombwa niisimulie, naisimulia yote: karai, jua, magoti, gramu 1.4, shilingi 816, deni la 1,300. Inachukua muda uleule. Watu hucheka mahali tofauti.

Ndugu yangu amerudi Dunga. Asubuhi anakaa na mamake kwenye turubai la omena, mguu umenyooshwa mbele, akijaza gorogoro na kuipapasa juu kwa kiganja hadi isawazike. Juzi kijana mmoja wa boti, hajatimiza miaka ishirini, alichuchumaa karibu yake na kumwonyesha ile video. Nilikuwa nimesimama hapo, nikasubiri aseme kitu kikubwa. Aliitazama hadi mwisho, ikaanza tena, akamrudishia simu.

"Gramu ngapi?" akauliza.

Kijana akaangalia kioo, akaangalia tena. "Haijasema."

"Basi muulize aliyekutumia," ndugu yangu akasema, na akavuta gorogoro nyingine.